Nafasi ya Mgeni Mmoja

Kisiwa hiki kinaishi kwa wageni, na mimi naishi kwa mashuka yao. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, ambako hakuna dirisha na mvuke wa pasi haukauki, na kuanzia asubuhi nasukumiwa matoroli ya mashuka na taulo mpaka mgongo uanze kuongea. Wageni wenyewe wanashuka kwenye ndege, wanaonyesha pasipoti, wanagongewa muhuri bila kuulizwa watalala wapi, na kabla ya chakula cha mchana wameshajilaza kando ya bwawa. Sina ugomvi nao. Uchafu wao ndio unaomlisha mwanangu. Lakini mwaka ule nilipoanza kumtafutia mama yangu ruhusa ya kuja kunitembelea, nilikuwa nakunja mashuka yao huku nimeuma meno.

Mama anaishi kwa kaka yangu, huko kwetu, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia kaka kwamba presha ya macho imeshakula pembeni kote na sasa inaingia katikati. Dawa ya matone inachelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama mwenyewe aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Alinipigia simu kunisimulia kwamba amelisalimia koti la kaka lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za watoto, akachukia kwamba haliitiki. Tulicheka sana. Nilipokata simu nilikaa juu ya rundo la taulo nikalia, maana binti yangu alikuwa ameshaanza kutembea na bibi yake hajawahi kumwona. Picha za simu hazikumsaidia, alisema zote ni ukungu mtupu. Nilitaka amwone mjukuu wake kabla ukungu haujafunga kabisa. Hilo tu ndilo nililotaka, na sikudhani ni kubwa.

Watu waliniuliza kwa nini nisiende mimi. Kwa sababu kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kimepelekwa kuhuishwa, na kikiwa huko mtu haruhusiwi kutoka. Ukitoka umejitoa. Kilikuwa kimekaa kwenye ofisi yao muda mrefu kiasi kwamba karani wa dirishani alishanizoea, akawa ananipungia mkono kwa mbali kuniambia bado, ili nisipange foleni bure. Nilimshukuru kwa hisani hiyo. Kwa hiyo aliyebaki wa kusafiri ni mama, mwenye miaka yake na macho yake.

Sasa, kisiwa hiki si nchi. Ni mali ya nchi kubwa iliyo mbali, ng'ambo ya bahari zote. Bendera ni yao, askari ni wao, hata stempu za barua zina picha ya milima yao yenye theluji, na hapa hatujui theluji ila ile ya kwenye friji. Ungedhani visa ya kule inatosha. Kaka naye ndivyo alivyodhani, akapoteza siku nzima kwenye foleni ya ubalozi, akafika dirishani, akaambiwa kwamba visa ya nchi kubwa kisiwani haifai kitu, kisiwa kina visa yake, na visa ya kisiwa nayo kule haifai kitu. Kaka akauliza, sasa hii ni nchi moja au mbili. Karani akamjibu kwamba inategemea anaomba nini.

Visa yenyewe inaitwa ya matembezi mafupi, na haizidi miezi mitatu. Mgeni aonyeshe tiketi ya kurudi, bima ya kumtibu akiugua, na sababu za kumrudisha kwao, kana kwamba mtu mwenye umri wa mama yangu anaota kutorokea kwenye chumba changu cha kufulia. Na mwenyeji naye awe na hati ya kupokea mgeni. Hati inatolewa na halmashauri ya mji, lakini haitolewi mpaka afisa wa makazi aje nyumbani kwako kupima. Kila anayelala ndani ana kipande chake cha sakafu kisheria. Ukitaka kuleta mgeni, lazima kipande chake kionekane kimebaki.

Sisi tulikuwa na vyumba viwili ghorofa ya tatu. Chumba cha ndani tulilala mimi, mtoto na mume wangu, ambaye ni fundi wa friji. Sebuleni alilala mdogo wake, shemeji yangu, mwoka mikate, anayerudi na unga kwenye nyusi. Mume wangu alipima mwenyewe kwa futi yake ya kazini, akakokotoa, akarudia, akasema tunapenya, lakini tunapenya kwa mbavu. Akasema siku ya afisa tufagie, tukae kimya, tumwonyeshe, aondoke. Ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba watu wa kwetu hawajui kumwachia mtu jambo lake.

Mlango wa pili anakaa Mama Cherehani, mshona nguo, aliyetoka huko huko tulikotoka. Cherehani yake ikinyamaza ujue anasikiliza. Alilisikia suala la afisa kupitia ukutani, akaja kunigombeza. Alisema haiwezekani mtu mzito wa serikali aje akute nyumba tupu kama bohari. Atafikiri huyo mama wa watu anakuja kuteseka, atalala chini, hatakuwa na wa kumsalimia. Alisema yeye anawajua hawa, wanataka kuona mgeni atapokelewa vipi, na hilo nimwachie yeye. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, nikamwachia.

Asubuhi ya siku yenyewe sijamaliza chai nikaona godoro linaingia mlangoni. Likafuata la pili, lenye shuka jipya la maua, na mto uliofumwa pembeni. Fundi viatu wa ghorofa ya chini akaleta zulia lake. Familia ya juu wakateremsha viti. Kisha wenye vitu nao wakaja kuangalia vitu vyao vimependeza vipi, na walipoangalia hawakuondoka, wakakaa. Wote walikuwa wamevaa. Mama Cherehani alivaa gauni ambalo kwa kawaida hulitoa kwenye harusi tu, na binti yangu alikuwa akipita mapajani mwa watu, mmoja baada ya mwingine, akipakwa mafuta na kila aliyempokea. Nasema kweli, nilisimama mlangoni nikaangalia sebule ile na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nikasema moyoni, huyu mtu kama ana macho, ataona kwamba mama yangu hapa hatakosa kitu.

Afisa alikuwa mwembamba, shati la mikono mifupi, jasho limemtoka kwa ngazi. Baadaye tulimpa jina la Bwana Vipimo. Hakuwa mbaya. Alivua viatu bila kuambiwa. Alikataa chai, akaeleza kwamba haruhusiwi kupokea kitu, na Mama Cherehani akanuna kidogo, kisha akamsamehe. Akatoa futi, fundi viatu akamshikia upande mmoja, wakapima sebule kwa kuruka miguu ya watu. Watu waliinua miguu yao kwa adabu. Akapima chumba cha ndani. Akarudi, akasimama mbele ya magodoro.

“Haya ni ya nani?” akauliza.

Sijafungua mdomo Mama Cherehani kashadakia. “Ni ya humu humu, baba. Nyumba hii mtu hakosi pa kulala. Juzi juzi bomba la juu lilipopasuka tulilala hapa watu kumi, na asubuhi kila mmoja akapata chai.”

“Watu kumi,” akasema Bwana Vipimo.

“Na tungezidi tungeenea,” akasema Mama Cherehani, kifua mbele, na sebule nzima ikaitikia kwamba ni kweli, wangeenea.

Mume wangu aliona gari linaacha njia, akajaribu kulishika. Alieleza kwamba hawa ni majirani, kila mmoja ana kwake, wamepita kusalimia tu. Bwana Vipimo akamuuliza kwa upole kama ni kawaida ya majirani kuja kusalimia na magodoro. Mume wangu, ambaye friji likimsumbua anaongea nalo mchana kutwa, akabaki kuyaangalia magodoro. Afisa akavaa viatu vyake, akatuaga wote, akashuka. Mama Cherehani akapiga makofi mawili ya furaha, akasema tumeshinda, hamkuona alivyokuwa anaandika.

Jibu lilikuja fupi. Nyumba imeshapita idadi ya watu inayoruhusiwa kwa ukubwa wake, haina nafasi ya mgeni. Tunaweza kuomba upya baada ya muda wa kusubiri kupita.

Nilikwenda kwa Mama Cherehani nikiwa nimejaa mpaka kooni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kazini, moja baada ya jingine, na yalikuwa maneno ya kumaliza ujirani. Nikamkuta ameketi nyuma ya cherehani, hashoni, habari zimeshamfikia. Akaniambia, “Mwanangu, mimi nilidhani wanataka kujua kama tuna moyo.” Kisha nikakumbuka kwamba lile godoro la maua lilikuwa lake mwenyewe, na usiku wa kuamkia siku ile alilala kwenye mkeka ili shuka lisikunjike. Maneno yangu yote yakanifia mdomoni. Nikakaa, tukanywa chai.

Mama alipoambiwa hakulalamika. Aliuliza tu kama huyo mpimaji ana wazazi. Nikamwambia sijui. Akasema basi labda hana.

Miezi iliyofuata sina hamu ya kuisimulia. Nilikuwa nakwenda kazini, narudi, nalala, nakwenda kazini. Kaka alikuwa akinipigia, na kila simu ilipunguza kitu. Mama sasa anamimina chai kwenye kisahani. Mama sasa anatembea kwa kushika ukuta. Mama ameacha kwenda dukani peke yake, lakini hataki isemwe, anasema amechoshwa na kelele za duka. Mimi nasikiliza simu imebanwa kati ya sikio na bega, mikono inakunja, na juu ya kichwa changu nasikia watu wakirukia kwenye bwawa. Ilifika mahali nikawa nawaza kumwibia mama pasipoti ya mmoja wao. Si wazo la mtu mzima, najua. Mtu akichoka sana hata mawazo yake yanakuwa ya kitoto.

Muda wa kuomba upya ulipokaribia, mume wangu alitoa tena futi yake. Alipima kimya, na safari hii hakusema kama tunapenya. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi lake, anakula mkate wake mwenyewe, anatuangalia.

“Shemeji,” akaniambia, “kinachozidi humu ndani ni mimi. Mbona mnazungukazunguka?”

Nikamwambia aache upuuzi.

“Si upuuzi. Kule tanurini kuna chumba cha magunia, kuna joto, na unga haukoromi. Mama akija, mtaniletea kijisahani cha chochote, basi.”

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni ghorofa tatu kushuka chini siku nilipopatwa na uchungu na lifti ni mbovu. Nilimkatalia. Lakini nilimkatalia kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa, na yeye, kwa kuwa ni muungwana, akanishinda upesi. Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa unga akaondoka akipiga mluzi. Mume wangu alikaa kwenye kochi la mdogo wake, ameshika tama, mpaka mtoto alipomwendea na kumvuta kidole. Wiki hiyo hiyo tukalitoa kochi lenyewe tukamwuzia fundi viatu, maana lilikuwa linaonekana kama mtu.

Halmashauri ikamtuma tena Bwana Vipimo. Safari hii mume wangu alipita mlango kwa mlango kuomba watu wasitoke mpaka afisa aondoke. Hakuna aliyebisha. Jengo zima likatulia, hata redio zikazimwa, na nikakaa ndani ya nyumba yangu nikasikia bomba la jikoni likidondoka. Nilipofungua mlango kumpokea afisa, Mama Cherehani alikuwa anapanda ngazi na kapu lake la vitambaa, alikuwa amechelewa kurudi sokoni. Akakutana na afisa kwenye ngazi. Mwanamke huyu husalimia hata paka. Aliinamisha kichwa, akabana ukutani kumpisha, akapita mlangoni kwangu macho chini kama hajawahi kuingia humo. Niliumia kuliko siku tuliyokataliwa.

Bwana Vipimo alivua viatu. Mume wangu akamshikia futi. Sebule ilikuwa na meza, kiti kimoja na kitanda cha mgeni kilichotandikwa shuka jeupe, na futi ilipojikunja kurudi kwenye kasha lake ilipiga kelele nyumba nzima. Aliandika. Akaangalia pale kochi lilipokuwa.

“Wale wa siku ile wako wapi?”

“Makwao,” nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. “Leo nafasi imetimia,” akasema. Akachelewa kufunga viatu, nikafikiri amekumbuka jambo la kutuharibia. “Siku ile nilimsimulia mke wangu. Akasema mbona sisi hata wa kutugongea mlango hatuna.” Kisha akaona haya, nadhani, maana alishuka ngazi bila kuaga vizuri.

Hati ikatoka. Ikasafiri kwa kaka, kaka akaipeleka ubalozini pamoja na bima, tiketi, picha za mama zinazoonyesha masikio yote mawili, na barua ya daktari iliyoeleza kwamba mgonjwa huyu atarudi kwa sababu matone yake yako kule kwetu. Kisha tukasubiri tena. Tuliomba miezi mitatu, tukapewa mwezi mmoja, kuingia mara moja tu. Sababu haikutajwa. Kaka alitaka kurudi kuuliza, nikamwambia kwa jina la mzazi wetu asiguse kitu, apeleke mama uwanja wa ndege.

Siku aliyofika niliomba ruhusa kazini, nikampamba mtoto, tukasimama nyuma ya kamba pamoja na madereva wa hoteli walioshika vibao. Wageni wa ndege ile walitoka kwanza, kofia mkononi, wanacheka. Foleni ya pasipoti kama ya mama hutoka mwisho. Nilisimama mpaka mtoto akalala begani. Hatimaye nikamwona, ameshikwa mkono na mfanyakazi wa uwanja, anamuuliza kijana wa watu kwa nini hajaoa. Alikuwa amepungua. Nguo zilikuwa zilezile, mwili ndio haukuwa uleule. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwangu, uso umeinuliwa, akaniangalia, akanipita.

Nikaita, “Mama.”

Akasimama, akageukia sauti, akanyoosha mikono. Nilimkumbatia na mtoto katikati yetu. Alinilalamikia kwamba yule askari wa mezani amemuuliza anarudi lini kabla hata hajaweka mkoba chini, mtu hajapewa maji anaulizwa kuondoka. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Njia nzima nilijiambia, ni macho, ndiyo maana amenipita, ni macho tu.

Jioni ile hakuna aliyepima kitu. Walikuja wote, fundi viatu, wa juu, wa chini, na shemeji na mikate ya moto kwapani, akakaa sakafuni kwa kuwa kochi lake tuliliuza. Mama Cherehani alimshika mama mkono akaanza kumwomba msamaha kwa mambo ambayo mama hakuyajua, mama naye akamsamehe yote, hata asiyoyataja. Kisha mama akachoka, wakaondoka mmoja mmoja.

Asubuhi iliyofuata ndiyo niliyokuwa nimeingoja. Kaka alikuwa amenieleza kwamba mama huona kidogo asubuhi, kwenye mwanga mwingi, na rangi kali ndizo bado anazipata. Basi nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Mama Cherehani alimshonea mtoto gauni la njano lisilo na aibu hata kidogo. Nilimsuka nywele kuonyesha paji la uso, maana ana paji la mama. Nilitoa kiti kibarazani ambako jua linapiga bila kizuizi, nikamkalisha mama, nikamweka mtoto mapajani mwake, nikapiga magoti pembeni kumshika asitikisike. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejipaka poda na wanja, nikavaa tabasamu, ili siku hiyo iwe nzuri yote.

Mama alimsogeza mtoto karibu na uso wake. Akamgeuza huku, akamgeuza huku. Akamnusa shingoni. “Mtoto mzuri,” akasema. “Mshushe akacheze.”

Nilidhani sikusikia. “Mama, mwangalie vizuri. Jua liko hapa sasa hivi, baadaye litahama.”

“Nimemwona. Mshushe.”

Nilimshusha. Sitaficha, nilikasirika. Hasira ilinipanda na mambo yote nyuma yake, foleni, bima, futi, shemeji aliyelala kwenye magunia, Mama Cherehani aliyejibana ukutani kwenye ngazi, yote kwa ajili ya dakika moja na “mshushe akacheze”. Nikamwambia mama kwamba tumehangaika mwaka mzima ili amwone huyu mtoto. Nikamwambia kwa sauti ambayo mtu hamwambii mzazi wake.

Hakunijibu kwa ukali. Alipapasa hewani mpaka akapata bega langu, akanivuta nikakaa pale chini, kati ya magoti yake, uso kwenye jua.

“Huyu sijawahi kumwona,” akasema. “Sina cha kusahau kwake. Nitamjua kwa sauti, nitamjua kwa mbio zake, inatosha. Wewe ndiye uliyekuwa unanipotea. Nikikuwaza unakuja na sare ya shule. Nikijaribu kukuwaza mtu mzima, uso haupo, pana nafasi tu. Jana umesimama mbele yangu nikakupita. Unadhani sikujua?”

Nikataka kusema neno, nikatabasamu kwanza, kwa mazoea.

“Usicheke,” akasema mama. “Ukicheka unaniziba. Tulia nikuone ulivyo.”

Akalowesha ncha ya khanga yake kwa mate, kama zamani kabla ya kunipeleka shule, akanifuta poda. Akafuta na wanja. Mtoto alikuwa anagonga mlango kwa kijiko, na nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama akaniinamia mpaka pumzi yake ikanifika, akaanza juu, kwenye paji, akashuka polepole, jicho moja, jicho la pili, akakaa sana chini ya macho, akateremka mdomoni. Aliangalia kama mtu anayebeba vitu kuvitoa ndani ya nyumba moja kuviingiza katika nyingine.

“Umechoka, mwanangu,” akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, nimechoka, na nikabaki nimekaa pale na uso wangu huo huo mpaka alipomaliza.